Hapo Katikati Nitakuwa Wapi?

Fomu ya fidia, ya wapangaji wa jengo litakalovunjwa, ilikuwa na kurasa nne. Tumeketi, cherehani iko kati yetu, mimi nimeshika kalamu, mama fundi ameshika miwani mkononi kwa sababu skrubu yake imelegea. Nasoma swali, anajibu, naandika. Ukubwa wa fremu. Miaka aliyopanga. Vifaa: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kabati, kioo kirefu. Gharama ya kuhamisha mizigo.

Tulipofika ukurasa wa tatu akavuta droo akatoa daftari. Ni daftari gumu, nene, jalada lake limebanduka na kubandikwa tena, na kingo za kurasa zimelainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Akalifungua katikati akaligeuza upande wangu. Kila mstari una jina, na mbele ya jina vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Pembeni kuna maneno mafupi kwa wino mwingine. "Bega la kushoto limeshuka." "Hapendi kubanwa." "Amejifungua, ongeza kiuno." Yako majina yaliyopimwa mara nne, mara tano, kila mara na tarehe yake, na ukiyafuata ukurasa hadi ukurasa unamwona mtoto anarefuka, suruali inashuka, mabega yanatanuka.

"Hili tunaliandika wapi, mwanangu?"

Nikapekua fomu. Nikarudi mwanzo, nikapekua tena. Hakukuwa na mahali.

"Mama, daftari hawalihesabu," nikamwambia. "Hilo utahama nalo."

"Kuhama nalo nitahama. Nauliza hawa watu walioandikwa humu." Akalifunga taratibu. "Jengo sikatai. Wamesema litakuwa zuri, na wamesema fremu nitapewa. Sasa hili linavunjwa, lile linajengwa. Hapo katikati nitakuwa wapi?"

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini. Ninachokumbuka ni kwamba halikuwa jibu. Wiki sita zimepita na swali hilo limekataa kuniachia.

## Nilichokuwa nikikitetea

Niseme wazi nilipokuwa nimesimama. Mimi nilikuwa mtetezi wa ujenzi mpya katikati ya miji, na nilimaanisha. Nimeingia kwenye majengo yale ya zamani. Nyaya za umeme zimeunganishwa juu ya nyaya, ngazi ya kutokea ni moja, na mvua ikinyesha maji machafu yanarudi juu kupitia sakafu ya wapangaji wa chini. Anayedai majengo ya namna hiyo yaachwe kwa sababu yana historia, mara nyingi hashindi humo kutwa wala hana mtoto anayemsubiri humo baada ya shule.

Niliamini pia hesabu ya ardhi, na bado naiamini. Kiwanja cha katikati ya mji kimefikiwa na barabara zote, mabomba yote, vituo vyote vya usafiri. Kukiacha kibebe ghorofa moja wakati kinaweza kubeba kumi ni kuwasukuma watu pembezoni na kuwalipisha nauli na saa za maisha yao. Ajira zinahitaji mahali pa kukaa. Huduma zinahitaji kodi za kuziendesha. Mji usiojijenga unazeeka pamoja na mabomba yake.

Hoja ya upande wa pili niliijua. Tangu 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani aliyechambua maisha ya miji, alieleza kwamba biashara changa huhitaji majengo ya zamani. Jengo jipya lina deni la ujenzi juu yake, na deni hilo huingia kwenye kodi ya kila fremu, kwa hiyo wanaomudu ni benki na maduka ya makampuni makubwa. Fundi na muuza vitabu vilivyotumika huponea kwenye jengo ambalo deni lake lilikwisha lipwa zamani. Nami nilikuwa na jibu tayari: jengo jipya la leo ndilo la zamani la kesho. Subiri tu.

Subiri tu.

Ni neno hilo lililonirudia usiku wa ile siku ya fomu. Nani anasubiri, na anasubiri akiwa wapi?

## Mashimo matatu

Nikaanza kusoma, na safari hii sikusoma kuhusu majengo yaliyokamilika. Nilitafuta miaka iliyo kati ya tingatinga la kwanza na mlango wa kwanza kufunguliwa. Miaka hiyo haipo kwenye picha za uzinduzi.

Paris iliondoa soko lake kuu la Les Halles katikati ya mji mwaka 1969 na kulipeleka Rungis, nje ya jiji. Kwa soko la jumla la ukubwa ule, sababu zilikuwa na uzito: malori hayakupitika, usafi ulikuwa mgumu. Mwaka 1971 wakaanza kubomoa mabanda ya chuma na vioo yaliyokuwa yamesimama tangu karne ya 19. Kilichofuata ni shimo. Wenyeji waliliita hivyohivyo, shimo la Les Halles, na lilikaa wazi kwa miaka ya sabini karibu yote. Jengo la maduka la chini ya ardhi lilifunguliwa Septemba 1979. Wafanyabiashara wa jumla walikuwa na Rungis ya kwenda. Lakini fikiria mwenye mgahawa mdogo wa pembeni aliyeishi kwa kuwahudumia wapakuaji saa kumi alfajiri. Soko limehama na wapakuaji wake. Yeye hakuhamishwa, hakubomolewa, na kwenye orodha ya walioathirika huenda jina lake halikuingia.

Chicago ilibomoa mtaa mzima wa katikati ya mji mwaka 1989, eneo linaloitwa Block 37, ng'ambo ya barabara kutoka duka maarufu la Marshall Field's. Ndani ya majengo yale ya zamani kulikuwa na ofisi ndogo na maduka madogo. Kituo kimoja cha kupozea umeme ndicho kilichoachwa kimesimama. Mpango wa majengo marefu ukakwama, ukabadilishwa, ukakwama tena. Kwa miaka mingi eneo lile lilitumika kama uwanja wa kuteleza kwenye barafu wakati wa baridi. Jengo la maduka lilifunguliwa 2009.

Miaka ishirini.

Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ilianza kubomoa sehemu ya katikati ya mji mwaka 2004 kupisha jengo kubwa la maduka. Mwaka 2008 mtikisiko wa fedha ukaikuta kazi imesimama, na ikaendelea kusimama. Ujenzi wenyewe ulianza mwanzoni mwa 2014, milango ikafunguliwa Novemba 2015. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa bomoabomoa alikuwa na miaka kumi na moja.

Si haki kupima miradi yote kwa mashimo haya matatu. Mingi huisha kwa wakati, au huchelewa mwaka mmoja tu. Lakini katika yote matatu nilijikuta nauliza swali moja la kipuuzi kwa mwenye mradi na la kufa na kupona kwa mwenye fremu: biashara ndogo inaweza kuzimwa kwa muda gani na bado ikawaka?

Kampuni kubwa ikifunga tawi miaka mitatu, ina matawi mengine. Mwenye fremu moja akifunga miezi mitatu, wateja wake wameshapata fundi mwingine, na fundi huyo ameshawapima.

## Hufa kabla ya tingatinga

Kitu ambacho sikukijua, na kilichonifunza ni kukaa pale kwa mama siku tatu mfululizo tukitafuta stakabadhi, ni kwamba shimo huanza kuchimbwa siku notisi inapobandikwa.

Mwenye jengo huacha kukarabati. Kwa nini aweke bati jipya kwenye jengo litakalovunjwa? Taa ya ngazini inaungua, haibadilishwi. Mpangaji wa fremu ya jirani anaondoka mapema, fremu inabaki na giza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mtu anayepita jioni anaona milango iliyofungwa, anakata kona. Halafu ofisi zinakuja kupiga picha eneo limechakaa, na uchakavu huo unaingia kwenye ripoti kama sababu ya kulivunja.

Lililoniuma zaidi ni mali kauli. Wasiofanya biashara ndogo huenda hawajui uzito wake. Muuza vitambaa wa jumla anakupa mzigo bila fedha, bila hati, kwa neno lako tu. Unashona, unauza, unapeleka chake. Hakuna benki inayoweza kukupa mkopo wa namna hiyo, kwa sababu dhamana yake ni miaka ya kukujua na kujua mlango wako. Notisi ikishabandikwa, muuza jumla anasoma kama kila mtu. Anakupenda, anakuheshimu, lakini safari hii anaomba fedha taslimu. Mtaji wako umekatwa na hakuna aliyekuonea, hakuna wa kumshitaki.

Kisha anakuja mthamini. Anaomba mauzo ya miezi kumi na miwili iliyopita, yaani miezi ileile ambayo biashara ilikuwa inakatwa pumzi, na kutoka hapo anakokotoa fidia. Kwenye karatasi biashara inaonekana ilikuwa dhaifu tangu zamani.

Mama aliniangalia nikijumlisha. "Mwaka huu si mimi," akasema. "Chukua mwaka wa juzi."

Fomu ilitaka mwaka huu.

## Ukuaji unaanza kuhesabiwa lini

Hapa ndipo nilipoanza kutilia shaka hesabu nilizokuwa nikizinukuu.

Tuseme mji unagharimia mradi kwa kukopa dhidi ya kodi za baadaye. Utaratibu huo ulianza California mwaka 1952 na ukaenea karibu Marekani yote: kodi ya majengo ya eneo hugandishwa katika mwaka wa msingi, na kila kinachoongezeka juu ya msingi ule hurudi kulipia mradi. Ni akili nzuri. Lakini tazama kinachotokea msingi unapochukuliwa eneo likiwa limeshatangazwa, limeshafifia na nusu ya milango imefungwa. Msingi unakuwa chini, na kimo cha ukuaji kinaonekana kirefu. Sehemu ya ukuaji huo ni kurudi tu mahali eneo lilipokuwa kabla ya tangazo. California yenyewe ilivunja mamlaka zake za uendelezaji mwaka 2012, baada ya miaka sitini, kwa sababu bajeti ya jimbo ilikuwa imebanwa na fedha hizo zilitakiwa shuleni na kwenye huduma nyingine.

Ndivyo hesabu zilivyo. Zinaanza na jengo lililokamilika. Miaka ya katikati haina safu.

Kesi ambayo kila mwanafunzi wa mambo haya huitaja ni ya New London, Connecticut. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikubali kwamba kukuza uchumi ni sababu tosha ya mji kutwaa nyumba ya mtu na kulipa fidia. Mlalamikaji, Susette Kelo, alikuwa na nyumba ndogo ya rangi ya waridi. Ahadi ilikuwa ajira na kodi, karibu na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Mwaka 2009 Pfizer ikatangaza kuondoka, na viwanja vilivyotwaliwa vikakaa vitupu miaka mingi. Baada ya hukumu ile, majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria zao.

Nilitaka kuishia hapo, kwa sababu mfano huo unanipa ushindi rahisi. Lakini haki inanilazimu kuitaja Detroit. Mwaka 1981 mtaa wa Poletown ulibomolewa, makazi ya watu zaidi ya 4,000, biashara zaidi ya 100 na makanisa kadhaa, kupisha kiwanda cha General Motors. Kiwanda kilijengwa. Kilifunguliwa 1985, kimetengeneza magari kwa miongo, kimelisha familia, ingawa ajira hazikufikia zile 6,000 zilizoahidiwa. Siwezi kusema ilikuwa hewa tupu. Mahakama Kuu ya Michigan iliyoruhusu utwaaji huo iligeuka mwaka 2004 na kusema hoja iliyoitumia haikuwa sahihi, lakini kufikia hapo wale wenye biashara 100 na ushee walikuwa wamesubiri miaka ishirini na mitatu kuambiwa walikuwa na hoja.

Kwa hiyo swali "ukuaji upo au haupo?" limenichosha. Mara nyingi upo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeukopesha. Maana mwenye fremu anapofungiwa leo ili mji uvune baada ya miaka saba, amekopesha. Hakuulizwa riba, hakupewa hati, na mavuno yakija hayumo kwenye mgao.

## Kilemba

Nikarudi kwenye daftari. Je, kweli hakuna sheria duniani inayolijua?

Ipo. Ufaransa imetambua tangu 1909 kwamba biashara ni mali inayoweza kuuzwa na kuwekwa rehani, na ndani ya mali hiyo wamo wateja na haki ya kuendelea na pango. Mwenye jengo akikataa kuongeza mkataba bila kosa la mpangaji, analipa fidia ya kumwondoa, na fidia hiyo inaweza kufikia thamani ya biashara yenyewe. Niliposoma hayo nilitamani kumpigia mama simu saa ileile. Daftari lako, Mama, kuna mahali ni mali.

Uingereza hesabu yake ni nyingine. Sheria ya 1954 inampa mpangaji wa biashara haki ya kuongezewa mkataba, lakini mwenye jengo anaweza kukataa akithibitisha anakusudia kubomoa au kujenga upya. Hapo mpangaji hulipwa kiasi kinacholingana na thamani ya mwaka ya fremu kwa makadirio ya kodi ya majengo, au mara mbili yake kama biashara imekaa pale miaka 14. Kipimo ni fremu. Wateja hawamo.

Korea Kusini ndiko swali lilikoandikwa kwa damu. Kule mpangaji anayeingia humlipa anayetoka fedha kwa ajili ya wateja, mahali na jina, kile ambacho sisi tunakiita kilemba. Kila mtu alikilipa na kila mtu alikitegemea siku ya kutoka, lakini sheria haikukijua. Eneo likiendelezwa upya, kilemba kilipotea na vumbi. Alfajiri ya Januari 20, 2009, katika eneo la Yongsan mjini Seoul, wapangaji waliokuwa wamepanda juu ya jengo wakidai fidia walivamiwa na kikosi maalumu cha polisi. Moto ukalipuka. Walikufa watu sita, watano upande wa waliokuwa wakiondolewa na polisi mmoja.

Ujenzi kwenye kiwanja kile ulianza 2016.

Nililisoma hilo mara tatu. Watu walikufa kwa sababu mradi haukuweza kusubiri mazungumzo, kisha kiwanja kikasubiri miaka saba.

Mwaka 2015 Korea ilikitia kilemba kwenye sheria: mwenye jengo haruhusiwi kumzuia mpangaji kukipokea kwa anayemfuata. Mwaka 2018 haki ya kuongezewa mkataba ikatolewa miaka mitano hadi kumi. Ni hatua kubwa. Lakini jengo likibomolewa kwa uchakavu, au kwa mpango ambao mpangaji aliarifiwa siku ya kusaini, au chini ya sheria ya uendelezaji, ulinzi huo hulegea. Yaani mwanya umeachwa palepale maumivu yalipoanzia.

Na hata Ufaransa, yenye sheria nzuri kuliko zote nilizosoma, ndiyo iliyochimba shimo la Les Halles. Sheria inaweza kulipia wateja. Muda haiujui.

## Paris mara ya pili

Nilikaribia kuandika makala yenye hasira tupu, ya kusema ujenzi mpya ni wizi, mwisho. Kilichonizuia ni Paris hiyohiyo.

Jengo lile la 1979 lilizeeka vibaya, na mwaka 2010 jiji likaanza kulijenga upya. Paa kubwa jipya, linaloitwa Canopée, lilizinduliwa Aprili 2016. Chini yake kuna kituo cha treni kinachopitisha mamia ya maelfu ya watu kila siku, na maduka. Kazi ilifanywa kwa awamu, juu ya vichwa vya watu, na kituo na maduka vikaendelea. Kiwanja kilekile ambacho miaka ya sabini kiliachwa shimo, safari hii kilijengwa huku milango ikiwa wazi.

Kumbe inawezekana. Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa. Miaka yote niliambiwa, na niliwaambia wengine, kwamba huwezi kujenga bila kufunga. Ni kanuni ya saruji na vyuma. Sasa naona kwamba mafundi wanajua kujenga kwa awamu, na wanajua vizuri, pale ambapo kufunga kungemgharimu mtu asiyekubali hasara. Treni hazingesimama. Makampuni yenye maduka mle yalikuwa na mikataba na mawakili. Kwao awamu zilipatikana.

Kwa fundi mwenye mkataba wa mwezi kwa mwezi, anaambiwa saruji haina huruma.

Nilihofia ningekuta awamu ni kwa wakubwa pekee. Seattle ilinitoa hofu hiyo. Soko la Pike Place, lililoanza 1907, lilikuwa limepangiwa kubomolewa kwa sehemu kubwa ili pajengwe hoteli, majengo ya makazi na maegesho. Novemba 1971 wananchi walipiga kura kulilinda, takriban 76,000 dhidi ya 53,000. Kilichonivutia ni yaliyofuata baada ya kura, kwa sababu soko lile lilikuwa limechoka kweli na mihimili yake ilikuwa ya kutia shaka. Mwaka 1973 iliundwa mamlaka ya umma ya kulimiliki na kuliendesha, na miaka iliyofuata likakarabatiwa kipande kwa kipande. Mwaka 2008 wapiga kura walikubali tena kutozwa kodi, dola milioni 73, kwa ajili ya ukarabati mwingine, nao ukafanywa kwa awamu. Wenye vibanda hawakuambiwa wakasubiri nyumbani.

Ni kweli awamu zina gharama. Ujenzi unachukua muda mrefu zaidi, kelele na vumbi vinafukuza wateja, mkandarasi anatoza zaidi kwa kuzunguka watu. Na soko lililolindwa linaweza kugeuka mahali pa watalii kupiga picha, mtu wa kawaida akaona bei zimempita. Yote hayo nayakubali. Nakubali pia kwamba wapo wenye fremu wanaowalipa vijana wao vibaya, na kwamba udogo wa biashara si cheti cha wema. Lakini gharama ya awamu walau inaonekana. Ipo kwenye bajeti, mtu anaweza kuibishania. Gharama ya kusubiri imefichwa ndani ya nyumba za watu, kwenye karo iliyochelewa na cherehani iliyouzwa.

## Ukurasa wa nne

Mradi wetu sijauacha. Sijabadilika kuwa mpinzani wake, na rafiki zangu walio upande ule wanajua. Ila nimewaambia mambo mawili, na nitaendelea kuyasema mpaka wanichoke. La kwanza, kibali cha kubomoa kisitolewe kabla fedha zote za kujenga hazijathibitishwa na kuwekwa mahali zinapoonekana. Bradford isingekuwa na shimo. La pili, ahadi ya fremu iandikwe tarehe, na tarehe ikipita, kila mwezi unaozidi ulipwe kwa aliyeahidiwa. Wanaotoa mkopo kwa mradi hulipwa kwa ucheleweshaji. Aliyetoa fremu yake naye ni mkopeshaji.

Walinisikiliza. Mmoja aliniuliza kama najua hilo litapandisha gharama kiasi gani. Nikamwambia gharama ipo leo, tunabishana tu ni nani anaibeba.

Fomu tuliimaliza. Ukurasa wa nne ulikuwa na mistari mitano ya "maelezo mengine", na mama akanitaka niandike humo habari ya daftari. Mistari mitano haikutosha, tukaambatanisha karatasi. Tulipiga nakala za kurasa kumi za vipimo, tukafunika majina kwa kipande cha karatasi ili siri za miili ya watu zisitoke. Daftari lenyewe alikataa kulitoa hata kwa nusu saa. Alikuja nalo mpaka kwenye mashine, akalishika mwenyewe kila ukurasa ulipogeuzwa.

Tangu hapo naenda kwake jioni mbili kwa wiki. Kwenye daftari hakuna namba za simu, kwa sababu hakuwahi kuzihitaji. Watu walijua mlango. Kwa hiyo tunakwenda jina kwa jina. Anakumbuka huyu dada yake ni nani, yule anafanya kazi wapi, tunapiga, tunaulizia, namba ikipatikana naiandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Tulianza na miaka ya karibuni tukawa tunarudi nyuma. Namba nyingi hazipatikani.

Jana tulifika ukurasa ambao wino umefifia kabisa. Akausogeza kwenye taa, akasoma kiuno na urefu kwa sauti, kisha akanyamaza akiutafuta uso wa mtu huyo kichwani.

"Ngoja," akaniambia. "Huyu ananijia."